Ulimi wa Mnunuzi na Heshima ya Muuzaji

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeihalalisha biashara na kuiharimisha riba, na akaifanya mizani kuwa amana baina ya waja wake. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, ambaye alifanya biashara kabla ya kupewa Utume, na watu wa Makka wakamwita Mwaminifu; na ziwashukie jamaa zake na sahaba zake wote. Amma baadu:

Biashara ya wazee wa pwani ilikuwa ya uso kwa uso. Mnunuzi alifika dukani, akakishika kitu kwa mkono wake, akakigeuza nje na ndani, akataja bei, na muuzaji akamjibu. Wakikhitilafiana, walikhitilafiana mbele ya majirani. Na majirani walimjua huyu na walimjua yule, wakajua pia ni nani katika hao wawili mwenye mazoea ya kusema uwongo. Leo sehemu kubwa ya biashara imehamia katika intaneti. Muuzaji hukaa Mombasa, Lamu au Unguja, huipiga picha mali yake na kuiweka katika duka lisilo na mlango. Na mnunuzi aliyeko Nairobi, Dar es Salaam, Maskati au London huchagua, hulipa kwa simu, na kungoja mzigo wake. Hawa wawili huenda wasionane mpaka Siku ya Kiyama.

Na kwa kuwa hawajuani, masoko hayo yamempa mnunuzi kalamu. Akiisha kupokea mzigo huweka nyota, tangu moja hata tano, na chini yake huandika aliyoyaona. Na kila ajaye baada yake huyasoma maneno hayo kabla ya kutoa fedha. Desturi hii si ngeni tena. Soko la eBay lilianzishwa Marekani mwaka 1995, na mwaka 1996 mwenye kulianzisha, Pierre Omidyar, akafungua mahali pa wanunuzi na wauzaji kuandikiana sifa na lawama, ili watu wasiojuana wapate kuaminiana. Nia hiyo ni njema. Walakini kalamu ni ulimi wa pili, na kila kilichoharimishwa kwa ulimi kimeharimishwa kwa kalamu. Wako wadhanio kuwa dhambi ya kusengenya ni ya barazani tu, na kwamba yaandikwayo kwa kidole juu ya kioo cha simu hayaandikwi na Malaika.

KHABARI YA MTU NA KOFIA YAKE

Tuweke mfano wa mtu wa Mji wa Kale, Mombasa, auzaye kofia za viua. Kofia hizo hushonwa kwa mkono Lamu, tundu kwa tundu, na moja iliyo nzuri huchukua miezi. Mtu huyu huzinunua kwa mwanamke mmoja mjane, ambaye hushona usiku watoto wakiisha kulala, naye humlipa haki yake bila ya kumpunja. Kwa muda wa miaka mitatu wanunuzi waliandika mema juu yake. Kisha siku moja, baada ya sala ya Alfajiri, alifungua simu yake akaikuta nyota moja, na chini yake maneno matatu: kwamba muuzaji huyu ni mwizi, kwamba kofia aliyoileta ni ya mashine wala si ya mkono, na kwamba imefika siku ya kumi na nne ilhali iliahidiwa kufika siku ya nne.

Kifua chake kikawaka moto. Kofia ile aliijua tangu ilipokuwa kitambaa kilichochorwa. Wiki ile maagizo yakapungua. Mtu mmoja aliyekuwa ameagiza kofia tatu kwa ajili ya arusi ya nduguze akaandika kuwa ameghairi. Yule mjane wa Lamu akapiga simu kuuliza kama iko kazi nyingine, na muuzaji hakujua amjibu nini. Kwani kumwambia kuwa kazi ya miezi minne ya macho yake imeitwa kazi ya mashine lilikuwa neno zito kwake kuliko hasara yenyewe.

Wenziwe wakamjia na mashauri matatu. Wa kwanza alimwambia kuwa jina la mnunuzi na namba yake ya simu anazo, basi azitangaze, amwite mwongo, na watu wamshambulie. Wa pili alimwambia kuwa vijana wa nyumbani waandike sifa ishirini kwa majina ya kubuni, ili nyota ile moja izame chini isionekane. Wa tatu alimwambia ampelekee mnunuzi yule fedha kidogo, afute aliyoyaandika. Usiku ule hakupata usingizi. Na tumwache kidogo mtu huyu na hasira yake, tuitazame sharia yasemaje.

HAKI YA MNUNUZI NA MPAKA WAKE

Jambo la kwanza limpasalo muuzaji kulijua ni kwamba mnunuzi ana haki ya kusema. Imepokewa na Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Hureira (r.a.), kwamba mtu mmoja alimjia Mtume (s.a.w.) akimdai ngamia, akamdai kwa maneno makali. Sahaba wakataka kumwadhibu. Mtume akawazuia, akawaambia kuwa mwenye haki ana nafasi ya kusema. Kisha akaamuru apewe ngamia wa umri ule ule. Wakamtafuta wasimpate ila aliye bora kuliko wake. Akaamuru apewe huyo bora, na akawafunza kuwa mbora wa watu ni yule aliye mbora wao katika kulipa. Basi ikiwa mtu alisema kwa ukali mbele ya kiumbe mbora kuliko wote, naye hakuadhibiwa kwa ukali wake, muuzaji wa kofia ni nani hata adai kusifiwa kila siku?

Na wanavyuoni hawakuacha jambo hili bila ya kulipambanua. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ametaja katika vitabu vyake, Riyadhu Swalihina na Al-Adhkari, mahali sita ambapo kumtaja mtu kwa aibu yake si haramu. Katika hayo ni mwenye kudhulumiwa kumshitaki aliyemdhulumu kwa mwenye uwezo wa kumpa haki, na kuwaonya Waislamu wasije wakaingia katika madhara. Mnunuzi aliyeletewa kitu kibovu, akaandika ukweli ili wenziwe wasipoteze fedha zao, yumo katika maonyo hayo, wala si msengenyaji. Na katika Sura ya Nisaa Mwenyezi Mungu amebainisha kuwa hapendi uovu utangazwe kwa maneno, ila kwa yule aliyedhulumiwa.

Lakini haki hiyo ina mpaka, na mpaka wake ni ukweli. Mtume (s.a.w.) amefunza, katika hadithi iliyo katika Muslim, kwamba kumtaja nduguyo kwa alichokuwa nacho, naye akichukia, huko ni kusengenya, na kumtaja kwa asichokuwa nacho, huko ni kumzulia. Mwenye kuandika kuwa kofia ya mkono ni ya mashine, bila ya kuuliza wala kuwa na ujuzi wa kushona, amezua. Mwenye kumwita mtu mwizi kwa sababu ya kuchelewa kwa mzigo, amemtia jina ambalo hana ushahidi nalo. Na kanuni ya kuhukumu ni kwamba ushahidi ni juu ya mwenye kudai, na kiapo ni juu ya mwenye kukana. Na nyota moja si ushahidi.

Wala si mwandishi peke yake mwenye kuulizwa. Wasomaji nao wameamrishwa, katika Sura ya Hujurati, kuichunguza khabari iletwayo na fasiki kabla ya kuifuata, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua, kisha wakajuta. Mwenye kulisoma neno moja la mtu asiyemjua, akalipeleka katika vikundi vya simu mia, amejitwika mzigo usiokuwa wake.

MUUZAJI NA AANZE KWA NAFSI YAKE

Hapa ndipo penye uzito wa maneno haya. Mwenye kudhulumiwa hupenda kutazama dhulma aliyofanyiwa, na huchukia kutazama kitu kingine chochote. Lakini maneno ya adui huwa yamechanganyika, na kipande cha kweli huweza kuwamo ndani ya uwongo mwingi. Mwenye akili hukitoa kipande kile kwanza, kabla ya kujibu.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, aliyefariki Misri mwaka 204 wa Hijra (820), kauli yenye nguvu ni kwamba kitu maalumu ambacho mnunuzi hakukiona hakiuzwi kwa kusifiwa tu. Kiuzwacho bila ya kuonekana ni kile kilichosifiwa katika dhima, nako huitwa salam: mnunuzi hutoa fedha yote pale pale, na muuzaji huwa na deni la kuleta kitu chenye sifa zile zile, kwa muda uliotajwa. Basi na aliangalie jambo hili muuzaji wa intaneti. Mnunuzi wake hakuishika kofia; alichokuwa nacho ni maneno ya muuzaji na picha yake. Akiandika kuwa ni ya mkono, ana deni la kuleta ya mkono. Akiandika kuwa itafika siku ya nne, siku ile ya nne nayo imo katika deni lake.

Mtu wa Mji wa Kale akiyapima maneno matatu ya mnunuzi wake kwa mizani hiyo, ataona hivi. Neno la wizi ni uwongo. Neno la mashine ni uwongo. Neno la siku kumi na nne ni kweli. Naye ajua kwa nini mzigo ulichelewa: aliuweka dukani siku tisa, akingoja apate mizigo mingine minne ya njia ile ile, apunguze nauli. Hilo hakumwambia mnunuzi, wala hakuliandika popote. Kwa faida ya shilingi chache aliivunja ahadi yake, na mlango alioufungua mwenyewe ndio uliopitiwa na uwongo.

Imepokewa na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye chungu ya nafaka, akautia mkono wake ndani, vidole vikapata umaji. Akamuuliza mwenyewe, naye akasema kuwa imenyeshewa na mvua. Mtume akamwambia kuwa ilimpasa kuuweka ule umaji juu, watu wapate kuuona, na akaonya kuwa mwenye kughushi si katika wafuasi wake. Tazama kuwa mtu yule hakuimwagia maji nafaka yake. Mvua ndiyo iliyonyesha. Kosa lake lilikuwa ni kuificha. Na muuzaji wa leo ambaye huweka picha ya kofia iliyo bora akaleta iliyo chini yake, au huficha muda wa kweli wa safari, ameugeuza umaji chini na ukavu juu.

Wala sharia haikumtupa muuzaji. Mnunuzi akikuta aibu iliyokuwamo tangu zamani, ana khiyari ya kurudisha, na yampasa afanye haraka bila ya kukitumia kitu. Ikiwa ameitia aibu mpya mkononi mwake, kama kuifua kofia kwa maji ya moto hata ikafumuka, hana haki ya kumlazimisha muuzaji aipokee. Na wakikhitilafiana aibu imezuka lini, na yawezekana kuwa ya kwanza au ya nyuma, husadikiwa muuzaji kwa kiapo chake. Basi muuzaji asikubali kuwa kila lawama ni haki. Lakini asikane lolote kabla ya kulipima.

SAADI NA WATU WA KUFA

Katika khabari za sahaba iko moja iliyo karibu sana na jambo hili, nayo imepokewa na Bukhari kutoka kwa Jabir bin Samura (r.a.). Saad bin Abi Wakkas, mmoja wa kumi waliobashiriwa Pepo, alikuwa liwali wa Kufa katika ukhalifa wa Omar bin Khattabi. Watu wa Kufa wakamshitaki kwa Omar, na mashitaka yao yakafika hata kusema kuwa hajui kusali. Mtu aliyesali nyuma ya Mtume miaka na miaka, akaambiwa hajui kusali!

Omar hakuhukumu kwa mashitaka peke yake. Alimwita Saad kwanza, akasikia jawabu lake. Saad akaeleza kuwa amewasalisha sala ya Mtume, akirefusha rakaa mbili za mwanzo na kufupisha mbili za mwisho. Kisha Omar akawatuma watu Kufa, wakazunguka msikiti kwa msikiti wakiuliza, na misikiti yote ikamsifu, isipokuwa mmoja. Katika msikiti wa Bani Absi alisimama mtu akasema kuwa Saad haendi na jeshi, wala hagawanyi sawa, wala hahukumu kwa uadilifu. Misikiti mingi ya sifa, na mtu mmoja wa lawama. Na maneno ya huyo mmoja ndiyo yaliyobaki katika vinywa.

Saad alifanya nini? Hakumwandama yule mtu kwa upanga, wala hakukusanya watu wa kumsifu. Alimwomba Mwenyezi Mungu. Na katika dua yake aliweka sharti: ikiwa mja huyu ni mwongo, amesimama kwa kutaka kuonekana na kusikiwa, basi umri wake uwe mrefu, na umasikini wake uwe mrefu, na atiwe katika fitina. Mtu yule aliishi hata nyusi zikamwangukia machoni kwa uzee, naye akiwasumbua wasichana njiani. Na akiulizwa, akikiri kuwa ni mzee aliyepatwa na dua ya Saad. Muuzaji aliyedhulumiwa na aitie maanani sharti ile. Saad mwenyewe, katika haki yake, hakumwombea mtu mabaya ila kwa sharti ya kuwa ni mwongo.

Omar naye alimwondoa Saad katika cheo kile, ingawa hakumwona na kosa. Lakini alipojeruhiwa, mwaka 23 wa Hijra (644), akawa katika mauti yake, alimtaja Saad katika watu sita wa kushauriana juu ya ukhalifa, na akasema wazi kuwa hakumwondoa kwa unyonge wala kwa khiyana. Jina la Saad likarudi safi kwa kinywa cha aliyemwondoa. Na kama Omar asingesema, lingekuwa safi vile vile mbele ya Mola wake.

MASHAURI MATATU YA WENZIWE

Tuyarudie sasa mashauri yale matatu.

Ama la kwanza, la kutangaza jina na namba ya mnunuzi, hilo ni khiyana. Namba ile alipewa ili apeleke mzigo, nayo ni amana mkononi mwake. Sheria za nchi pia zimelikataza: Kenya imeweka sheria ya kulinda khabari za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Na katika Sura ya Maida Waislamu wameamrishwa kuwa chuki yao kwa watu isiwatoe katika uadilifu. Hata makafiri wa biashara wameuona ubaya wa kisasi: mwaka 2008 soko la eBay liliwaondolea wauzaji uwezo wa kuwaandikia wanunuzi lawama, kwa kuwa wauzaji walikuwa wakilipiza, na wanunuzi wakaogopa kusema kweli. Mwenye kulipiza humnyamazisha mwongo mmoja na wakweli mia.

Ama la pili, la sifa za kubuni, hilo ni ushuhuda wa uwongo, nao ni katika madhambi makubwa. Tena lina asili inayofanana nalo katika sharia, nayo ni najshi: mtu kupandisha bei ya kitu asichotaka kukinunua, ili amhadae mwingine akinunue. Mtume (s.a.w.) ameikataza. Mwenye kuandika sifa ya kofia ambayo hakuivaa afanya lile lile. Serikali ya Marekani nayo mwaka 2024 ilitoa kanuni ya kukataza kununua na kuuza sifa za uwongo za bidhaa. Muuzaji aliyezuliwa neno moja, akajibu kwa kuzua ishirini, amemshinda adui yake katika dhambi mara ishirini; na vijana wa nyumbani mwake wamejifunza kwake kusema uwongo kwa malipo.

Ama la tatu, la kununua ufutaji, lina upande mbili. Ikiwa lawama ni ya kweli, fedha ile ni bei ya kuwaficha watu aibu. Ikiwa ni ya uwongo, basi muuzaji amemfunza mtu yule kuwa ulimi mbaya una mapato, na kesho atamwendea mwingine. Na mnunuzi amwambiaye muuzaji ampunguzie bei, la sivyo atamwandikia mabaya, ajue kuwa anakula mali ya watu kwa batili, ijapokuwa ni shilingi mia.

YAMPASAYO KUFANYA

Basi yapi yampasayo? Ni manne.

La kwanza, asijibu siku ile ile. Hasira huandika upesi, na kilichoandikwa hakirudi. Atie udhu, asali, alale. Na asubuhi ayasome tena maneno yale kama kwamba yameandikwa juu ya mtu mwingine.

La pili, akiri kilicho kweli. Katika Sura ya Nisaa Waumini wameamrishwa kuwa mashahidi wa haki ijapokuwa ni juu ya nafsi zao. Kukiri kosa moja la kweli hakumpunguzii muuzaji heshima. Bali msomaji mwenye busara akimwona akikiri la kweli, humsadiki akikana la uwongo.

La tatu, akane uwongo mara moja, kwa maneno machache, bila ya tusi. Si haramu kujitetea. Sura ya Shura imebainisha kuwa hapana lawama juu ya mwenye kujitetea baada ya kudhulumiwa. Awapelekee wenye soko ushahidi wake, kwani hao ndio wenye uwezo wa kumpa haki. Wakimpa, amshukuru Mungu. Wasipompa, amekwisha kutimiza wajibu wake.

La nne, ampe mnunuzi nafasi ya kurudisha. Imepokewa na Abu Daudi kuwa mwenye kumvunjia Mwislamu mauzo aliyoyajutia, Mwenyezi Mungu atamsamehe kuteleza kwake. Lakini ampe kwa ajili ya Mungu, asiweke sharti ya kufutiwa nyota.

Baada ya hayo manne ni kusamehe, nalo si wajibu bali ni daraja. Abu Bakar Siddiki (r.a.) alikuwa akimlisha jamaa yake masikini, Mistah. Mistah akaingia katika uzushi aliozuliwa binti yake, Mama Aisha, naye Abu Bakar akaapa kuwa hatampa kitu tena. Ikateremka aya katika Sura ya Nuri, kuwahimiza wenye wasaa wasamehe, kama wao wapendavyo kusamehewa na Mola wao. Abu Bakar akamrudishia Mistah matumizi yake. Na heshima ya binti ni kubwa kuliko nyota za duka.

Na asiyeweza kusamehe na angoje, kwani haki yake haipotei. Mtume (s.a.w.) ameeleza kuwa muflisi wa kweli ni yule ajaye Siku ya Kiyama na sala na saumu na zaka, ilhali amemtukana huyu na kumzulia huyu na kula mali ya huyu, hapo wapewe hawa katika mema yake, na yakiisha, atwikwe katika maovu yao. Yule aliyeandika mwizi kwa kidole kimoja huenda akalipa kwa sala zake.

KHATIMA

Mtu wa Mji wa Kale alikaa siku mbili bila ya kujibu. Siku ya tatu aliandika chini ya nyota ile kwamba kofia imeshonwa kwa mkono Lamu. Kwamba kuhusu kuchelewa mnunuzi amesema kweli, aliahidi siku nne zikawa kumi na nne, naye anamwomba radhi. Na kwamba akipenda kuirudisha, fedha yake yote itarudi pamoja na nauli. Hakuongeza neno. Aliwapelekea wenye soko picha za kofia ile ilipokuwa nusu haijakwisha kushonwa. Wakamjibu kuwa hayo ni maoni ya mnunuzi, nao hawayafuti.

Mnunuzi hakujibu, wala hakuirudisha kofia. Nyota ile ingali ipo, na kila afunguaye duka lile huiona. Lakini mahali palipoandikwa siku nne sasa paliandikwa siku kumi, na mzigo haulali tena dukani kungoja wenziwe. Na kila kofia hupigwa picha mbili, ya nje na ya ndani, kwani kwa ndani ndiko kuonekanako kazi ya mkono.

Kisha akampigia simu mjane wa Lamu, akamweleza yote, hata kosa lake mwenyewe la kuchelewesha. Mama yule akanyamaza kidogo. Halafu akauliza nyuzi za kofia ijayo ziwe za rangi gani.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wasemao kweli wanunuapo na wauzapo. Azilinde ndimi na kalamu za Waislamu na heshima ya wasiokuwapo. Atusamehe tuliyoyaandika kwa hasira. Na atupe riziki ya halali iliyo na baraka, ijapokuwa ni chache. Na rehema za Mungu na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Wabillahi taufiki.